Barua ya wazi kwa uongozi wa shirika letu la ndege: tuambieni mkataba unaisha lini

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Mwenyekiti na wajumbe wote wa Bodi, na Mkuu wa Oparesheni za Ndege.

Nakala: uongozi wa shirika kubwa tunalolirushia safari, na mamlaka ya usafiri wa anga.

YAH: AJIRA ZA MARUBANI NA UKIMYA WA MIEZI SABA

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kwenu. Nawaandikia hadharani na najua kuna mtakaochukia, ila kabla hamjachukia naomba mkumbuke tulikotoka. Tulianza kwa mdomo kwenye kikao cha marubani, mkasema mmelichukua. Tukaandika barua, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, kimya. Tukaandika ya pili tukaambiwa bosi kasafiri. Ya tatu tuliisaini karibu wote, saini zikajaa kurasa mbili, majibu yake yakaja mistari minne kwamba uongozi unathamini mchango wetu na taarifa itatolewa muda muafaka ukifika. Hiyo ni miezi saba iliyopita. Huo muda muafaka haujafika na sisi bado tunaamka saa tisa usiku kwenda kurusha ndege zenu, kwa hiyo leo nimeamua kusema mbele za watu yale yale niliyoyasema ofisini kwenu mara tatu.

Mimi ni kapteni wa ndege za propela, huu ni mwaka wa 11 niko hapa, nilianzia kiti cha kulia kama rubani msaidizi nikahamia kiti cha kushoto hapa hapa. Sina ugomvi na mtu. Naipenda kazi hii na nalipenda shirika hili kuliko pengine mnavyodhani, ndo maana sijaondoka kimya kimya kama wenzangu wengine walivyofanya mwaka huu.

Kwa msomaji ambaye hayajui mambo yetu naomba nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayataeleweka. Wewe abiria ukikata tiketi unaona jina la shirika kubwa, ndege ukiikuta uwanjani ina rangi za shirika kubwa, hata mimi nikiwakaribisha kwenye spika nataja jina la shirika kubwa. Lakini aliyeniajiri siye huyo. Aliyeniajiri ni shirika dogo la kikanda ambalo limeingia mkataba wa kurusha hizo safari fupi kwa niaba ya mkubwa. Mkubwa anauza tiketi, anapanga ruti, mara nyingi mafuta analipa yeye, na sisi tunalipwa kwa kurusha tu, kwa masaa na kwa safari. Huo mkataba una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ukiisha na usipohuishwa, au mkubwa akiamua kupunguza ndege tano kati ya zilizopo, sisi hatuna tiketi zetu wala ruti zetu wala abiria wetu, tunakuwa na leseni na ndege zisizo na pa kwenda. Ajira yangu yote, miaka 11, imesimama juu ya karatasi ambayo sijawahi kuiona na ambayo sikuulizwa chochote ilipoandikwa.

Sasa hoja zetu ni hizi.

1. Hatujui mkataba unaisha lini, na tunajifunza hali ya kampuni kwa kuchungulia.

Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo limenifanya niandike. Mwezi wa tatu nilikuwa natembea kwenda kwenye ndege yangu kukagua kabla ya safari ya kwanza, giza bado, kijana mmoja wa kupakia mizigo akanisogelea akaniuliza, kapteni, hizi ndege zenu mbili kule mwisho ndo zimestaafu? Nikamwambia ziko kwenye matengenezo. Nilijibu vile kwa sababu sikuwa na jibu lingine. Nilipomaliza safari zangu nikapita kule kwa miguu nikaziangalia. Injini zimezibwa na vile vifuniko vyekundu, propela zimefungwa mikanda zisizunguke na upepo, matairi yamewekewa magogo pande zote, na moja ilishatolewa viti viwili vya marubani kupelekwa kwenye ndege nyingine. Ndege ya kurudi kazini wiki ijayo hainyofolewi viti. Mimi kapteni nilijua hilo kupitia kwa kijana wa mizigo, yeye kashajua, wanaouza kahawa pale geti la pili nao wanajua, ila kwenye kikao cha marubani cha wiki ile ile mlituonyesha slaidi za usalama na kupeana pongezi za kuwahi muda, hakuna aliyezitaja.

Tangu siku hiyo kila mtu kawa mpelelezi. Rosta ikitoka watu hawaangalii tena wanaruka wapi, wanahesabu siku za kazi na siku za stendibai, yaani za kukaa tayari kuitwa bila kupangiwa safari. Zamani nilikuwa na stendibai tatu au nne kwa mwezi, mwezi uliopita nilikuwa na tisa. Mtu anaona tangazo la mafunzo ya makapteni wapya limeahirishwa anaanza kupiga simu. Mtu anasikia fundi mkuu kaacha kazi anaanza kuandika wasifu wake upya. Chumba cha kruu, yaani cha marubani na wahudumu wa ndege, kimekuwa soko la uvumi, na waheshimiwa, uvumi hamuwezi kuuzima kwa kukaa kimya, ndo unavyokua.

2. Hofu yetu haikuokotwa njiani, yametokea kwa wenzetu na tunayajua.

Mkisema tunajitia wasiwasi, naomba tukumbushane. Comair ya Marekani ilianza mwaka 1977, ikaja kuwa mali ya Delta yenyewe, shirika kubwa ililokuwa ikilirushia, yaani siyo mkandarasi wa nje, mtoto wa nyumbani kabisa. Mwishoni mwa Julai 2012 wakatangaziwa wanafungwa kwa sababu zile jeti ndogo za viti 50 hazilipi tena, na 29 Septemba mwaka huo huo ikawa basi. Miaka 35 ikaisha kwa miezi miwili.

Mwaka 2020 United, shirika lingine kubwa la Marekani, ilikuwa na mashirika mawili ya kikanda yakiirushia jeti ndogo za Embraer 145, ExpressJet na CommutAir. Mwishoni mwa Julai ikaamua kubaki na moja. Ikachagua CommutAir, na safari za ExpressJet kwa United zikakoma 30 Septemba. Marubani wa ExpressJet hawakuwa wameanguka mtihani wowote wala kuharibu ndege, walikuwa tu upande usiochaguliwa. Trans States na Compass, mashirika mengine ya kikanda ya Marekani, nao walishafunga tangu Aprili ya mwaka ule ule.

Flybe ya Uingereza ilikuwa shirika kubwa la kikanda kuliko yote Ulaya, ikafa usiku wa kuamkia 5 Machi 2020, watu wakaambiwa wasije uwanjani. Ikafufuliwa Aprili 2022, wengine wakaacha kazi walizokuwa wamezipata wakarudi, na 28 Januari 2023 ikafa mara ya pili. Stobart Air ya Ireland, iliyokuwa ikirusha safari fupi za Aer Lingus kwa jina la Aer Lingus Regional, ilifungwa Juni 2021. Rex kule Australia Julai 2024 iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, jeti zake za Boeing 737 zikasimamishwa, zikabaki Saab 340 za propela.

Sisemi na sisi tunakwenda huko. Nasema tunaisoma hii historia kama mnavyoisoma nyie, tofauti ni kwamba nyie mnaujua mkataba wetu unasemaje na sisi hatuujui.

3. Ukongwe wetu hauhamishiki.

Hapa naomba mnisikilize taratibu kwa sababu nadhani ndipo watu wa ofisini wanapokosea kutuelewa. Daktari akihama hospitali anahama na ubingwa wake. Mhasibu anahama na cheo chake, pengine anapanda. Rubani hahami na ukongwe. Kila shirika lina orodha yake, sisi tunaita senioriti, na siku unayoingia unawekwa mkiani hata kama umeruka miaka 20. Kutoka kwenye hiyo orodha ndo unapata kila kitu: unakaa kiti gani, unaruka ndege gani, besi yako iko mji gani, likizo unapata mwezi gani, sikukuu unakuwa nyumbani au hotelini. Na kampuni ikipunguza watu inaanzia mkiani.

Kwa hiyo angalieni hesabu yetu. Nikiondoka leo na mkataba ukahuishwa mwakani, nimetupa miaka 11 nimekwenda kuwa rubani msaidizi wa mwisho kwenye orodha ya watu, wa kwanza kupunguzwa huko kukiyumba. Nikibaki na mkataba usihuishwe, tutaingia sokoni siku moja sote, kapteni wa miaka 20 na kijana wa mwaka mmoja tumebeba leseni ya aina moja ya ndege, tunagombea nafasi zile zile chache, na aliyeondoka mwaka mmoja kabla yetu kashatuzidi kwenye orodha mpya. Uamuzi huo mtu anaufanya vizuri kama anajua tarehe. Bila tarehe anacheza kamari na maisha ya familia yake. Nina mwenzangu, kapteni, mtu mtulivu sana, kabakisha miaka sita afikishe 65 ambao ndo ukomo wa kimataifa wa kurusha safari za abiria za kibiashara. Akianza upya mahali pengine hatafika tena kiti cha kushoto kabla ya kustaafu. Aliniambia tukiwa tunasubiri kibali cha kuwasha injini, mwanangu yuko chuo mwaka wa pili, mimi nataka tu waniambie kama atamaliza. Ikaja sauti ya mnara tukawasha injini tukaenda, na hatukuzungumza tena hilo siku ile.

4. Bondi ya mafunzo inatubana upande mmoja tu.

Marubani wasaidizi wengi waliingia hapa kwa kusaini bondi, kwamba kampuni inawalipia mafunzo ya aina ya ndege na wao wakiondoka kabla ya muda wanarudisha hela. Sawa, mafunzo ni ghali, hilo hatubishi. Lakini nimezisoma bondi tatu tofauti za vijana wangu na zote zinasema rubani akiondoka, hakuna hata moja inayosema wazi kampuni ikifunga ruti au ikimpunguza itakuwaje. Kijana ana mkopo wa shule ya urubani juu, ana bondi chini, haambiwi kama kazi ipo, na hawezi kwenda kwingine kwa sababu ya bondi. Tukiuliza, idara ya utumishi inasema itategemea. Itategemea nini? Andikeni.

5. Leseni ya rubani asiye na kazi inachakaa.

Hili fupi lakini mlijue. Rubani lazima awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita ndo aruhusiwe kubeba abiria. Lazima aingie kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege, kupimwa mara mbili kwa mwaka. Cheti cha afya cha daraja la kwanza lazima kihuishwe, na kadiri umri unavyokwenda ndo kinavyodai mara kwa mara. Ukiwa kazini kampuni inalipia simuleta, ukipunguzwa unalipia mwenyewe au unaacha muda upite, na mashirika mengi yanayoajiri yanauliza umeruka masaa mangapi miezi sita iliyopita. Mtu akiambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hana kazi, saa yake imeanza kuhesabu kurudi nyuma kabla hata hajapata usaili wa kwanza. Akiambiwa miezi sita mapema anapanga simuleta yake ya mwisho, anahuisha cheti, anatoka akiwa mzima kikazi.

6. Wasiwasi huu unapanda nao ndege.

Nimesita kuliandika hili kwa sababu sitaki abiria aogope, na nasema kwa moyo wote kwamba wenzangu wanafanya kazi kwa uangalifu na hakuna ninayemjua aliyevuka mstari. Ila nitakuwa mwongo nikisema haituathiri. Tuna utaratibu mzuri, rubani akijisikia mchovu au mgonjwa anasema siwezi kuruka leo na haulizwi. Tangu ndege zianze kuegeshwa watu wameacha kusema. Wanaamini, sijui kwa kweli au kwa uvumi, kwamba kuna orodha inaandaliwa na mwenye siku nyingi za ugonjwa yuko juu. Mwezi uliopita nilipangwa na kijana ambaye macho yake tu yalikuwa yanasema hakulala. Kwenye cheklisti ya kabla ya kuwasha injini aliruka mstari, nikamrudisha, akaruka tena mstari ule ule. Nikaweka karatasi chini nikamuuliza umelala saa ngapi, akanyamaza, halafu akasema kapteni nikijitoa leo itakuwa ni mara ya pili mwezi huu. Tulipiga simu oparesheni nikasema mimi ndo nimeomba abadilishwe, safari ikachelewa dakika 50, na ripoti ya ucheleweshaji ina jina langu. Ningefanya vile vile leo. Lakini yule kijana alikuwa tayari kuruka kwa sababu anaogopa kazi yake, na hilo limetengenezwa na ukimya wenu.

Tunaokaa kwenye mashirika ya kikanda hatuisahau tarehe 12 Februari 2009. Dash 8 Q400, ndege ya propela ya Colgan Air iliyokuwa na jina la Continental Connection ubavuni kwa sababu ilikuwa ikiirushia Continental, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Chanzo kilichotajwa ni kapteni kuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele pale ndege ilipotoa onyo la kupoteza mwendo. Ila uchunguzi ulitoa na mengine: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini Newark, na kapteni alilala kwenye chumba cha kruu. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwaathiri, wakashindwa kupima kwa kiasi gani. Familia za marehemu zilipigania hadi sheria ikabadilishwa mwaka 2010, masaa ya kulala yakaangaliwa upya na masaa 1,500 yakawa sharti hata kwa rubani msaidizi wa shirika la abiria. Watu walikufa ndo ikaonekana kwamba maisha ya rubani nje ya ndege yanaingia naye ndani ya ndege. Sisi hatutaki lijulikane tena kwa njia hiyo.

Najua mtajibu nini, maana mengine mmeshatujibu kwa mdomo, kwa hiyo niyaseme mwenyewe.

Mtasema kuna uhaba wa marubani duniani tutapata kazi popote. Uhaba unaozungumzwa ni wa watu wenye masaa kwenye jeti kubwa na kibali cha aina ile ya ndege. Rubani wa propela mwenye masaa 3,000 ataambiwa asubiri darasa lifunguliwe, au ajilipie mwenyewe taipu, yaani hicho kibali cha aina ya ndege, na mwaka 2020 tuliona jinsi uhaba unavyogeuka kuwa foleni ndani ya wiki mbili. Halafu hata nikipata kazi nyingine kesho, rudini hoja ya tatu.

Mtasema mkataba ni siri ya biashara. Bei ni siri, sawa, hatuitaki. Tarehe ya kuisha siyo bei. Idadi ya ndege ambazo mkubwa anaruhusiwa kuzipunguza bila kuvunja mkataba siyo bei. Mnaweza kutusainisha karatasi ya kutunza siri wawakilishi wawili tu, tunatunza siri nzito kuliko hiyo kila siku.

Mtasema bodi bado haijaamua. Basi tuambieni bodi inaamua nini kati ya nini, na itaamua lini. Mimi nikiwa angani na hali ya hewa ni mbaya kiwanja ninachokwenda, sisubiri mpaka nikate shauri ndo niwaambie abiria. Nawaambia, jamani kuna ukungu, tutazunguka dakika 20, kusipofunguka tutakwenda kiwanja kingine. Hakuna aliyewahi kunipigia kelele kwa hilo. Wanaopiga kelele ni wale waliokaa nusu saa wanazunguka bila kuambiwa kitu.

Na kuna jibu ambalo hamjalitamka ila nadhani ndilo la kweli, kwamba mkituambia tutaondoka na safari zitakosa marubani kabla ya mkataba kuisha. Hili nalielewa, hata ningekuwa kiti chenu lingenikosesha usingizi. Lakini watu wanaondoka tayari, na wanaoondoka ndo wale wenye masaa mengi na wenye pa kwenda. Anayejua kwamba kazi ipo mpaka tarehe fulani, na kwamba akibaki mpaka siku hiyo atapewa posho ya kubaki na bondi yake itafutwa, huyo ana sababu ya kubaki. Asiyejua chochote hana.

Tunachoomba siyo kikubwa, na naomba kipokelewe kama kilivyoandikwa:

a) Ndani ya siku 30 mtuambie kwa maandishi mkataba unaisha lini, una kipengele cha kuongezwa au hauna, na zile ndege mbili zinarudi kazini au hazirudi.

b) Mabadiliko yoyote yatakayopunguza marubani tuambiwe si chini ya miezi sita kabla. Marekani sheria ya mwaka 1988 inadai siku 60 kwa waajiri wakubwa, Uingereza mashauriano ya siku 45 yanahitajika mwajiri akitaka kupunguza watu 100 au zaidi. Miezi sita ni mingi kuliko hizo, najua, tunaiomba kwa sababu ya simuleta na zile siku 90 nilizozieleza. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe taarifa mapema, sababu, idadi na aina ya watakaoguswa na kipindi chenyewe, halafu wasikilizwe juu ya namna ya kuepusha au kupunguza madhara. Hatuombi kitu ambacho dunia haijakifikiria.

c) Bondi iandikwe upya, kwamba anayepunguzwa na kampuni hadaiwi hata senti.

d) Mzungumze na shirika kubwa, ambalo nalipelekea nakala ya barua hii, kuhusu njia ya marubani wetu kuingia kwao. Siyo ndoto, American Airlines ya Marekani ina mashirika yake matatu ya kikanda, Envoy, Piedmont na PSA, na marubani wake wana utaratibu wa kupanda kwenda kwa mkubwa kwa kufuata orodha. Abiria wao tumewabeba miaka yote hii tukiwa na jina lao ubavuni, wanajua tunavyoruka.

e) Mtoe tamko lenye saini kwamba siku za ugonjwa na za uchovu hazitatumika kuchagua nani apunguzwe. Hili lisisubiri hizo siku 30. Hili linaweza kubandikwa kesho.

Kwa mamlaka ya usafiri wa anga nina ombi moja tu. Mnapokuja kukagua mnaangalia vitabu vya ndege, masaa yetu ya kupumzika na rekodi za mafunzo, na mko sahihi. Ila safari ijayo muulize pia ni ripoti ngapi za uchovu zimeletwa mwaka huu na ngapi zililetwa mwaka jana. Zikiwa zimeshuka msipongeze mtu kabla hamjaongea na marubani wenyewe bila meneja kuwepo chumbani.

Sijataja jina la shirika letu wala la mtu yeyote na sitataja, nyie mnajijua na hilo linatosha. Sijaitisha mgomo, sijamwambia mtu asije kazini. Kama kuna mahali nimekosea tarehe au maneno, niiteni mnisahihishe, nitasahihisha hapa hapa nilipoandika.

Kesho nina safari nne, naripoti saa kumi na moja alfajiri, nitatoka saa nane mchana na nitakuwa chumba cha kruu mpaka saa tisa. Majibu yenu mnaweza kuniletea pale, au myabandike ubaoni karibu na rosta ili kila mtu ayasome.

Wenu katika kazi,

Kapteni, kwa niaba yangu na wenzangu waliosaini barua ya tatu